Soya ya Sufuria na Soya ya Chupa

Vijana wa ofisi ya lishe waliponiaga nikistaafu walinipa leso, birika la umeme na amri. Leso nimeshaivaa. Birika linangoja stima itulie. Amri ndiyo hii ninayoitimiza: niandike jinsi nilivyofanya kazi, ili wasinipigie simu kila wanapokwama. Najua, vijana, mtaendelea kupiga, na mimi nitaendelea kushika. Ila sitawaandikia nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwa kiasi gani, maana hayo mnayajua na yanatia watu huzuni bure.

Mimi ni mtoto wa Chara, huku delta ya Tana. Siku ya kwanza kazini niliingia kituo cha afya cha Garsen na viatu mkononi, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na ule udongo wetu mweusi haumheshimu mtu aliyetoka chuoni. Nikauliza ofisi ya lishe iko wapi. Nikaonyeshwa stoo. Ndani mlikuwa na mzani wa kutundika, ule wenye suruali ya turubai ya kumvalisha mtoto, utepe wa kupimia mkono, na sufuria kubwa yenye tundu chini. Mzani ulimwongezea kila mtoto uzito kidogo, jambo lililowafurahisha akina mama na kuninyima mimi raha. Sufuria niliizibisha kwa fundi wa majiko ya makaa pale sokoni, nikapika nayo karibu maisha yangu yote ya kazi. Msiitupe. Najua mmeanza kuitazama vibaya.

Mwenye stoo hiyo, na mwenye kila kitu pale kituoni, alikuwa Sista Mwanaisha, muuguzi mkuu. Alikuwa mwanamke wa Kipini, sauti ndogo, kanga imekunjwa vizuri juu ya sare, na macho yasiyoacha kitu. Wiki yangu ya kwanza alinisikia nikimuuliza mama mjamzito kama anameza vidonge vyake vya kuongeza damu. Mama akasema ndiyo. Nikamshukuru, akaenda zake. Sista akaniita pembeni.

"Ndoo hapa, mwanangu. Yule umemuuliza nini?"

"Kama anameza dawa, Sista."

"Atakwambia ndiyo leo na kesho, maana ni mtu wa adabu, hataki kukuudhi. Muulize kameza na nini. Aliyemeza ana jawabu, chai, uji, maji. Asiyemeza utamuona akitafuta."

Huo ndio utabibu wote alionifundisha, na umenitosha. Jaribuni. Mama mmoja wa Tarasaa nilimuuliza amemeza vidonge na nini, akatazama dari kisha akasema, "Na nia njema." Nikajua viko chini ya godoro. Sikumgombeza. Sista hakuwa akigomba na hakutaka mtu agombe mbele yake, alikuwa akivuta kiti tu na kukaa karibu, kana kwamba siku nzima ni ya huyo mmoja. Nilimpenda sana mwanamke yule. Alipostaafu nililia mpaka akaniambia ninamharibia shughuli.

Soya ilitufikia baadaye, juu ya lori la mradi fulani, pamoja na fulana za kutosha kila mtu na maelezo yasiyomtosha yeyote. Karatasi zilisema ina protini kuliko maharagwe, ina mafuta mazuri, ni bora kwa watoto na kwa wanawake wa umri wote. Yote kweli. Hakuna aliyetwambia jinsi ya kuila. Akina mama wa Kipokomo waliichemsha kama wanavyochemsha pojo, ikakaa jikoni tangu asubuhi bila kulainika, na ilipolainika ikawasumbua matumbo. Mama yangu mdogo, ambaye hajawahi kukataa chakula changu, alisema inanuka kama ukuta uliopakwa rangi jana.

Tulijifunza polepole. Soya inalowekwa usiku kucha, maji yale yanamwagwa, inasuguliwa maganda yatoke, ndipo inachemshwa kwa maji mapya mpaka iive kabisa. Ukitaka unga, ikaange kwanza ndipo uisage, na huo unga nao uuchemshe vizuri katika uji. Unga mbichi usimpe mtu, tumbo litakushtaki. Nimelisema hili mara nyingi kiasi kwamba watoto wa Garsen walikuwa wakinipita njiani wakiimba, "Loweka, mwaga, sugua." Kuna majina mabaya kuliko hayo.

Mtu aliyeiingiza soya katika nyumba za Waorma si mimi, ni Hawa. Alikuwa mke wa mfugaji katika kijiji kimoja kati ya Garsen na Tarasaa, mrefu, mcheshi, mwenye amri kuliko chifu. Binti yake mkubwa anaitwa Dhiba, kwa hiyo sote tulimwita Mama Dhiba, na yeye aliniita Mama Jillo kwa jina la kijana wangu. Alihudhuria somo langu la upishi, akaonja uji wa soya, akaniangalia kwa huruma. Wiki iliyofuata akaniita kwake.

Nyinyi mliotoka mbali mjue kwamba nyumba ya Muorma ina buni. Ni kahawa ingali na maganda yake, kila punje inang'atwa ncha, inakaangwa kwa samli mpaka ianze kupasuka, kisha inamiminiwa maziwa. Inaombewa dua, halafu wageni wananywa maziwa na kutafuna punje. Kikombe chako kikifika hukatai. Siku hiyo Mama Dhiba alikuwa ameloweka soya, akaimwaga maji, akaisugua, akaichemsha, yaani kila nililosema, na akaianika. Kisha akaikaanga kwa samli pamoja na buni. Nikatafuna. Ilikuwa tamu kweli, laini ndani na kavu nje, nikaomba tena.

"Sasa hii ni chakula," akasema. "Ile yako ilikuwa dawa."

Kwa miaka iliyofuata kijiji kile kilikula soya kuliko vijiji vyote nilivyovihudumia, na wageni wa mradi walipiga picha za bustani yangu ya soya pale kituoni badala ya chungu cha Mama Dhiba.

Kisha akapata uvimbe kwenye titi. Aliuficha kidogo, kama wengi, halafu akanionyesha mimi kabla ya mumewe. Nilimpeleka mwenyewe hospitali ya rufaa mjini. Wakamfanyia upasuaji, titi likaondolewa, na baada ya matibabu mengine akarudishwa nyumbani na kidonge kimoja cha kila siku, cha kumezwa kwa miaka. Daktari alitueleza kwamba saratani ya aina yake hushibishwa na homoni ya kike, na kidonge kile kinainyima homoni hiyo. Mama Dhiba akaelewa upesi.

"Kama kufunga malisho," akasema. Na mimi nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo.

Aliendelea vizuri. Alinenepa, akarudi kuamrisha watu. Basi nilishangaa alipokuja ofisini asubuhi moja, amebeba mfuko wa sukari uliojaa soya mbichi, akauweka juu ya meza yangu bila salamu.

"Chukua soya yako, Mama Jillo."

"Ina nini?"

"Watu wanasema hii ndiyo ilikula titi yangu. Wanasema nikikula tena, ile ugonjwa itarudi."

Nilikuwa nimewalisha soya wanawake wa nusu ya delta. Nilivuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamuuliza nani kasema. Akasema wanawake kisimani, na mmoja wao alisikia kwa mtoto wake aliyesoma kwenye simu. Soya ina homoni, na homoni ndiyo saratani. Nikaona jinsi maneno ya daktari yalivyotoka hospitalini na kuzunguka kijiji mpaka yakarudi yamegeuka.

Kwa mazoea tu, wala sikuwa na wasiwasi wowote, nikamuuliza leo amemeza dawa na nini.

Mama Dhiba hakuwa mtu wa kutafuta maneno. Siku hiyo alitafuta.

"Hiyo haimezwi," akasema mwishowe. "Hiyo naweka kwa buni."

Sikuelewa. Akatoa ndani ya dera lake chupa nyeupe yenye picha ya mwanamke anayecheka na majani ya kijani. Dhiba, aliyeolewa Madogo na ana duka la nguo huko, alimtumia kwa basi. Nilisoma maandishi. Zilikuwa kapsuli za soya, ile sehemu inayofanana kidogo na homoni ya kike ikiwa imekamuliwa peke yake, kwa afya ya wanawake waliokoma hedhi. Hakuna pahali palipowataja wanawake waliopata saratani ya titi, isipokuwa kwa herufi ndogo ambazo hata sisimizi hawezi kuzisoma, zikisema waulize daktari kwanza.

"Mama Dhiba, hii ni soya."

"Hapana. Ile ni soya," akauonyesha mfuko. "Hii ni dawa."

"Na kwa nini kwenye buni?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu asiye na dini. Kapsuli ina ganda. Nani anajua ganda lile limetengenezwa kwa mnyama gani? Kwa hiyo alikuwa akizifungua, anatupa maganda, na unga anaumwaga ndani ya chungu cha buni. Kiasi gani? Alionyesha kiganja. Buni ni ya wageni, mtu hawezi kumpimia mgeni. Hivyo wanawake wa kijiji kizima, pamoja na mama kijana mmoja aliyekuwa akinyonyesha na yeyote aliyepita kusalimia, walikuwa wakinywa dawa ya waliokoma hedhi kila alasiri, na dua juu yake.

Ningecheka, na baadaye nilicheka sana. Lakini nilikuwa bado na swali moja.

"Na ile ya hospitali? Ile umemeza na nini?"

Akaangalia mikono yake.

"Hiyo nimewacha."

"Tangu lini?"

"Tangu chupa ilikuja. Hiyo ya hospitali inaleta moto, Mama Jillo. Inatoka hapa inapanda mpaka kichwa. Nikiwa kwa swala, moto. Nikiwa na wageni, jasho inateremka kama nimemwagiwa chai, watu wananitazama. Usiku nashinda nikitupa shuka. Dhiba akasema hii ya chupa inaondoa moto. Basi nikasema, zote ni za wanawake, nitachukua ile haichomi."

Ndiyo hali ilivyokuwa, vijana wangu. Chakula kilichokuwa hakimdhuru alikirudisha kwa hofu. Kitu alichotakiwa kukiepuka alikuwa akikimwaga kwa kiganja. Na kidonge kilichokuwa kikimlinda kilikaa ndani ya sanduku. Kila hatua alikuwa ameifikiria, na kila moja ilikuwa na maana kwake. Msije mkamwita mtu kama huyo mjinga mbele yangu.

Nilimpigia simu daktari wake mjini, Mama Dhiba akiwa amekaa hapo hapo. Daktari akasema kapsuli ziachwe leo, kidonge kirudiwe, na mama aletwe aonwe. Nikamuuliza kuhusu soya ya kupikwa. Akasema ya kawaida, ile ya kula kama maharagwe, haimkatazi. Alichokikataa ni kile kilichokamuliwa na kurundikwa, ambacho mtu hajui anameza kiasi gani wala kitafanya nini mwilini mwake. Nikakata simu nikatafuta namna ya kulisema hilo kwa mwanamke anayejua ng'ombe kuliko mimi.

"Ukisukasuka kibuyu kizima cha maziwa, unapata samli kiasi gani?"

"Kidogo."

"Na unaweza kunywa samli kama unavyokunywa maziwa?"

"Utaharisha mpaka ufe."

"Basi soya ya sufuria ni maziwa. Ya chupa ni samli. Tena samli ambayo huyajui maziwa yake yalitoka kwa nani."

Akacheka, na niliposikia kicheko kile nikadhani nimeshinda. Lakini kuhusu kidonge cha hospitali alitikisa kichwa.

"Wewe hujui hiyo moto."

"Siujui," nikamwambia. "Lakini nakujua wewe. Nakupenda, Mama Dhiba, na naogopa utakufa. Usiponisikia kama mtu wa kituo, nisikie kama ndugu yako."

Aliondoka, akaacha mfuko wa soya juu ya meza, na mimi nilikaa nao siku kadhaa nikiutazama kwa chuki ambayo haikuwa haki yake. Nilimpigia Dhiba. Alilia kwenye simu hadi nikawa namfariji yeye. Mwisho wa wiki akashuka kutoka Madogo, tukaenda pamoja kwa mama yake.

Tulimkuta na wageni, kama kawaida. Dhiba hakungoja waondoke.

"Mama, ni mimi nilituma. Mwenye duka aliniambia ni ya afya ya wanawake. Wewe si mwanamke?"

"Nusu," akasema Mama Dhiba, akajipiga kifuani upande ulio bapa.

Wao wawili wakaanza kucheka, wakacheka mpaka machozi, na wageni wakafuata bila kujua kama wanaruhusiwa. Dhiba akamlalia mama yake begani. Kicheko kikageuka kuwa kilio, na mama akawa akimpapasa kichwa akimwambia kwa Kiorma maneno ambayo sikuyaelewa yote, na yale niliyoyaelewa si yangu kuyaandika.

Alipotulia akanigeukia. Alikuwa na masharti. Atameza, ila nimtafutie njia ya kuupunguza ule moto. Na ile soya, kama kweli haiui, niile mimi kwanza, pale pale, mbele ya hao wa kisimani, waliokuwa miongoni mwa wageni. Nilikuwa nimeubeba mfuko, ila soya yake ingetaka kulowekwa kwanza usiku kucha. Nyumbani kwake kulikuwa na soya iliyokwisha chemshwa na kuanikwa, mabaki ya siku za nyuma ambayo hakuwa na moyo wa kuyatupa, ikakaangwa. Nimewahi kula mbele ya wakubwa wa wizara, lakini sijawahi kuangaliwa mdomoni vile. Nilipomeza, mwanamke aliyesikia kwa mtoto wake aliyesoma kwenye simu alinyoosha mkono akaomba punje.

Daktari alimbadilishia saa ya kidonge, akampa ushauri wa kawaida: nguo nyepesi, kitambaa cha maji shingoni, vinywaji vya moto vipoe kwanza. Kisha akasema apunguze kahawa, kwa kuwa kwa wengine huwasha ule moto. Mama Dhiba akaniambia hapo ndipo alipoona heri angekufa. Tukaafikiana nusu. Chungu chake kikawa na punje chache za buni na soya nyingi, na wageni wakazoea. Moto haukuisha. Ulipungua kiasi cha kuvumilika, na siku ukizidi alinipigia simu kuutukana, mimi nikamsaidia kutukana.

Wale waliokunywa unga wa kapsuli niliwapitia mmoja mmoja nikiwauliza hali. Hakuna aliyedhurika, alhamdulillahi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita hapo kila alasiri alidai magoti yake yalikuwa yameanza kupona na sasa yamerudi kuuma. Hiyo sikuiripoti.

Basi mtu akiwaletea chupa, na wataleta, maana siku hizi zinauzwa hata kwenye simu, msianze kwa kukunja uso. Ulizeni nani kamtumia. Mara nyingi ni mtoto wake aliye mbali, na ukiitukana chupa umemtukana mtoto. Ulizeni anaugua nini kingine na anameza nini kingine, kwa sababu hata dawa za tezi la shingo hazipatani na soya zikimezwa pamoja. Halafu ulizeni kuna nini jikoni. Mwanamke mwenye afya anayetaka kula soya, mfundisheni kuloweka, kumwaga na kusugua, mumwache ale kwa amani. Haitamfanya msichana wala haitamuua. Ni chakula.

Miaka ya kidonge ilipita. Mwezi kabla sijastaafu, Mama Dhiba alitoka kliniki mjini akapitia ofisini kwangu, amechoka na vumbi la barabara, amevaa dera jipya la Dhiba. Daktari alikuwa amempima kila pahali. Hakuona kitu. Akamwambia vidonge alivyobaki navyo avimalize, vikiisha basi, asichukue vingine.

Alikuwa amebakisha kimoja, akakileta akimeze kwangu. Nikamtilia chai. Akakimeza, akaweka kikombe chini, akaitazama ile karatasi tupu ya vidonge mkononi. Mwanamke yule sikuwahi kumuona akiogopa, hata siku ya upasuaji. Siku hiyo nilimuona.

"Mama Jillo," akasema, "kesho asubuhi nitameza nini?"

"Hakuna, mama. Kesho utakula tu."